Hans Paasche: Kutoka Vita vya Maji Maji Hadi Kuuawa kwa Kupinga Vita

Mwaka 1905 Hans Paasche alikuwa afisa kijana wa manowari ya Kijerumani. Alikabidhiwa kikosi na kuagizwa akawazime wapiganaji wa Maji Maji katika bonde la Rufiji. Alitekeleza agizo, akavishwa nishani. Miaka kumi na mitano baadaye wanajeshi wa nchi yake mwenyewe waliizingira nyumba yake wakampiga risasi, kwa kuwa wakati huo alijulikana kote Ujerumani kama mtu anayechukia vita na anayewataja hadharani walioileta. Kati ya miaka hiyo miwili aliandika kisa cha Mwafrika kutoka Ziwa Victoria anayesafiri Ujerumani na kumwandikia mfalme wake jinsi Wazungu wanavyoishi. Kisa hicho kinasomwa hadi leo.

Wajerumani wanapomsimulia Paasche, mara nyingi huanzia Berlin: vijana waliochoka na miji ya viwanda, Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mapinduzi ya 1918. Afrika Mashariki hutajwa kama ujana wake, mahali alikowinda na kupiga picha. Mimi nashika upande mwingine. Mtu huyu haeleweki usipoanzia Mohoro na Utete, huko Rufiji, na ni ajabu kwamba sisi tunaoishi upande huu tunamfahamu kidogo kuliko wanavyomfahamu wao.

Alizaliwa Rostock, kaskazini mwa Ujerumani, Aprili 3, 1881. Baba yake, Hermann Paasche, alikuwa profesa wa uchumi na mwanasiasa mkubwa, mmoja wa makamu wa spika wa Bunge la Ujerumani. Haikuwa familia ya wapinzani hata kidogo. Mwaka 1906 mzee huyo alichapisha kitabu juu ya uchumi wa Afrika Mashariki ya Kijerumani, akiitazama kama mali inayopaswa kuzalisha. Mtoto wake alisoma Berlin, hakumaliza shule, na mwaka 1899 akajiunga na jeshi la majini. Njia hiyo ilikuwa ya kawaida kwa kijana wa nyumba kama ile, mwenye jina na mwenye hamu ya kuona dunia.

Meli iliyomleta kwetu iliitwa Bussard, manowari iliyokuwa na kituo Dar es Salaam. Paasche alijifunza Kiswahili, akaanza kupiga picha za wanyama, akawinda kama walivyowinda maafisa wenzake. Kisha Julai 1905 wananchi wa Nandete, katika vilima vya Umatumbi, waling'oa mashina ya pamba.

Kwa msomaji wa Tanzania sababu za vita hivyo hazihitaji maelezo marefu. Gavana Gustav Adolf von Götzen alikuwa ameamuru vijiji vilime pamba katika mashamba ya pamoja, na maakida walisimamia kazi hiyo kwa kiboko. Watu walilima, mashamba yao ya chakula yakasinyaa, na malipo yakawa hayafai hata kutajwa. Kinjekitile Ngwale wa Ngarambe alitoa dawa ya maji iliyowaunganisha watu wa makabila ambayo hayakuwahi kupigana upande mmoja. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro, Agosti 4, 1905, lakini habari za maji zilikuwa zimeshafika mbali. Kwa kuwa jeshi la koloni lilikuwa dogo, mabaharia waliteremshwa kutoka melini wakapelekwa bara. Paasche alikuwa miongoni mwao.

Alipigana Rufiji, katika maeneo ya Mohoro na Utete. Katika mapambano hayo watu wenye mikuki na magobore walikabiliana na bunduki za kisasa, na matokeo yake yalikuwa mauaji. Hakuna njia ya kulisema jambo hili kwa upole. Paasche hakuwa mtazamaji aliyepita njia. Alikuwa afisa mwenye kutoa amri, ndani ya mfumo uliowanyonga viongozi na kuchoma vijiji. Vita vilipokwisha mwaka 1907, Wazungu waliouawa walikuwa wachache mno. Waafrika waliokufa, wengi wao kwa njaa baada ya majeshi ya Götzen kuteketeza mazao na maghala, serikali ya Kijerumani yenyewe iliwakadiria kuwa 75,000. Makadirio ya wanahistoria yanafika kati ya 250,000 na 300,000.

Kuna jambo moja, hata hivyo, linalomtofautisha na maafisa wengi wa vita vile. Akiwa Rufiji alianza kuzungumza na watu aliotumwa kuwapiga. Aliwapokea waliotaka kujisalimisha, akatafuta suluhu, akaona kwamba mtu aliyehakikishiwa maisha yake hurudi shambani na huo ndio mwisho wa vita. Wakubwa wake hawakupendezwa na afisa mdogo anayejitungia sera ya amani kichwani mwake. Aliondolewa, akarudishwa Dar es Salaam.

Hapa ndipo waandishi wengi huharakisha, wakasema kwamba Rufiji ilimgeuza kuwa mpinga vita. Haikuwa hivyo, au haikuwa upesi hivyo. Mwaka 1907 alitoa kitabu chake cha kwanza, Im Morgenlicht, yaani Katika Mwanga wa Asubuhi, chenye habari za vita, uwindaji na safari za Afrika Mashariki. Ukikisoma unakutana na kijana anayejivunia bunduki yake, anayependa alfajiri ya porini, anayewaheshimu askari na wapagazi wake kwa namna ya bwana mwema. Mashaka yamo, lakini yamekaa pembeni. Mtu aliyeua kwa amri na kupewa nishani hawezi kuamka siku moja akayatupa yote. Paasche alihitaji zaidi ya miaka kumi kuyatamka waziwazi aliyoyaona, na naamini urefu wa muda huo ni sehemu ya ukweli wake.

Mwaka 1908 alimwoa Ellen Witting, binti wa Richard Witting, aliyewahi kuwa meya wa Posen kisha akawa mkuu katika benki. Baba mdogo wa Ellen alikuwa Maximilian Harden, mwandishi wa habari aliyeogopwa na watu wa ikulu. Fungate lao halikuwa la Paris wala Venice. Walirudi Afrika Mashariki na kati ya 1909 na 1910 wakasafiri hadi nchi za Ziwa Victoria na vyanzo vya Mto Nile. Safari hii Paasche hakuwa na kikosi, na nchi alizozipita, zenye falme za kale, ng'ombe wengi na adabu za ikulu, zilimpa mandhari ya kitabu kilicholiacha jina lake duniani.

Aliporudi Ujerumani, akiwa ameachana na utumishi wa jeshi la majini, alijitosa katika harakati zilizotaka kubadili maisha yenyewe: chakula, mavazi, pombe, tumbaku, namna ya kuishi na wanyama. Aliacha pombe na nyama. Alitetea haki ya wanawake kupiga kura, akapinga kuuawa kwa ndege kwa ajili ya manyoya ya kofia za mabibi, na akawahimiza wawindaji waweke bunduki chini na kushika kamera. Mwaka 1912, pamoja na Hermann Popert, hakimu wa Hamburg, alianzisha jarida lililoitwa Der Vortrupp, yaani Kikosi cha Mbele.

Lazima niongeze jambo ambalo wanaompenda Paasche hulipitia haraka. Harakati hizo hazikuwa safi zote. Ndani yake, na ndani ya jarida hilohilo, kulikuwa na mazungumzo ya "usafi wa mbari" na afya ya taifa, mawazo ambayo baadaye Wanazi waliyachukua na kuyafikisha kwenye maangamizi. Popert alikuwa karibu nayo. Paasche alipumua hewa hiyohiyo, na harufu yake inasikika hapa na pale katika maandishi yake. Atakayemfanya mtakatifu atalazimika kuficha kurasa.

Katika Der Vortrupp, kuanzia 1912, zilianza kutoka barua za Lukanga Mukara. Paasche alizileta kana kwamba yeye ni mfasiri tu. Lukanga, asema, ni mtu aliyetumwa na Ruoma, mfalme wa Kitara, kwenda kuichunguza Ujerumani kama Wazungu walivyokuwa wakija kuichunguza Afrika. Jina Mukara linamhusisha na kisiwa cha Ukara, kaskazini mwa Ukerewe. Mjumbe huyu anaandika kwa heshima yote, akimwita mfalme wake Mukama, na anaripoti anachokiona bila kuelewa kwa nini kinafanyika. Wenyeji wa Ujerumani anawaita Wasungu, jina letu limeingia moja kwa moja katika Kijerumani chake.

Watu huuliza kama Lukanga aliishi kweli. Hakuishi. Ni mhusika wa kubuni, na mbinu yenyewe ilikuwa ya zamani: mwaka 1721 mwandishi Mfaransa Montesquieu alikuwa ameshawatuma Waajemi wawili kuikagua Ufaransa. Jipya kwa Paasche lilikuwa mahali alipomtoa mjumbe wake. Vitabu vya wapelelezi vilivyojaa Ulaya enzi zile vilikuwa na umbo moja: Mzungu anaingia "ndani kabisa" ya Afrika, anapima vichwa, anaandika mila za ajabu, anarudi na ramani. Paasche alilichukua umbo hilo lote, hata kichwa cha kitabu, akaligeuza. Safari ya Lukanga ni ya kwenda "ndani kabisa" ya Ujerumani, na wenye mila za ajabu ni wasomaji wenyewe.

Basi Lukanga anawaona watu wanaovuta moshi mdomoni na kuutoa tena, nao wanakasirika ukiwauliza una faida gani. Anawaona wanawake waliojifunga viuno kwa nguo ngumu hadi pumzi zinakata. Anaona siku ya kuzaliwa ya Kaisari, ambapo mapenzi kwa mfalme yanapimwa kwa wingi wa pombe. Anaona mabomba ya viwanda yakitia giza anga na wenye nchi wakijivunia giza hilo kwa kuwa linaonyesha kazi inaendelea. Anaelezwa kwamba kila kitu lazima kiongezeke mwaka hadi mwaka, naye anauliza kiongezeke hadi wapi. Swali hilo liliandikwa kabla ya 1914. Ukilisoma leo, wakati Ziwa Victoria lenyewe linalalamikiwa kwa uchafu wa miji inayolizunguka, hutaona kama limezeeka.

Barua ya mwisho ina sauti nyingine. Inahusu mlima Hoher Meissner, ambako Oktoba 1913 maelfu ya vijana walikusanyika kusherehekea kwa namna yao, bila bia na bila kelele za kijeshi, huku serikali ikiadhimisha miaka 100 ya vita vya Leipzig, ambako Napoleon alishindwa, kwa fahari za bunduki. Paasche alikuwa karibu sana na mkutano ule. Lukanga anawatazama vijana hao na kwa mara ya kwanza anaona Wasungu anaoweza kuwatumainia. Hata mwaka haukuisha vizuri, wengi wa kizazi kile walikuwa wameanza kufa katika mahandaki.

Na Paasche mwenyewe? Mwaka 1914 alijitolea. Ndiyo, aliyemtunga Lukanga alirudi jeshini kwa hiari, akiamini kama mamilioni wenzake kwamba nchi yake imeshambuliwa. Aliwekwa kwenye mnara wa taa wa Roter Sand, baharini nje ya mdomo wa mto Weser, baadaye akapelekwa Wilhelmshaven. Kilichomtoa humo ni dhamiri yake mbele ya mahakama ya kijeshi: alitakiwa akae kama hakimu katika kesi ya baharia aliyeshtakiwa kwa uchochezi, akakataa. Mwaka 1916 jeshi likamwondoa. Aliyeshiriki mfumo wa hukumu za Rufiji alikataa kumhukumu mtu mmoja wa chini yake. Siwezi kuthibitisha kilichopita moyoni mwake siku ile, lakini mambo haya mawili nayasoma pamoja.

Alihamia na familia yake Waldfrieden, shamba lake lililokuwa katika misitu ya mashariki mwa Ujerumani, sehemu ambayo sasa ni Poland. Alikuwa na mawasiliano na Bund Neues Vaterland, chama cha wapenda amani kilichoanzishwa Novemba 1914, ambacho Albert Einstein naye alikuwa mwanachama. Julai 14, 1917, sikukuu ya taifa la Ufaransa, aliisherehekea shambani pamoja na mateka wa vita wa Kifaransa. Alisambaza maandiko ya kupinga vita. Mwaka huohuo alikamatwa kwa tuhuma za uhaini, kosa lililoweza kumfikisha kwenye adhabu ya kifo. Familia yenye jina ilimwokoa kwa njia iliyomdhalilisha: alitangazwa kuwa na tatizo la akili, akafungiwa hospitalini Berlin. Kwa watawala ilikuwa rahisi pia, maana mwendawazimu hahitaji kujibiwa.

Novemba 9, 1918, siku Kaisari alipoanguka, mabaharia wa mapinduzi walifika wakamtoa. Aliingia katika kamati tendaji ya mabaraza ya wafanyakazi na wanajeshi mjini Berlin, akidai waliosababisha vita wafikishwe mbele ya sheria. Hakusikilizwa. Viongozi wapya walikuwa na haraka ya kutuliza nchi, na waliwahitaji majenerali walewale. Kisha, Desemba 1918, Ellen akafariki kwa homa ya mafua iliyokuwa ikiua dunia nzima. Paasche alirudi Waldfrieden na watoto wanne.

Mwaka 1919 aliyatoa maandishi mawili ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kilele chake. Katika moja anaeleza hatia yake yeye binafsi katika Vita Kuu. Anaanza na malezi: shule, utii, heshima ya sare, namna mtoto anavyofundishwa kuona mauaji kuwa wajibu. La pili, Das verlorene Afrika, yaani Afrika iliyopotea, lilitoka wakati Wajerumani wengi wakilia kwamba mkataba wa Versailles umewanyang'anya makoloni yao. Paasche aliwaambia wasichotaka kusikia: kwamba waliitawala Afrika kwa kiboko na kitanzi, na kwamba ukatili waliouzoea huko ndio uleule uliorudi Ulaya ukiwa umevaa sare. Rufiji, iliyokuwa pembeni mwaka 1907, sasa imesimama katikati ya ukurasa.

Wazo hilo, kwamba ukoloni ulikuwa shule ya vita vya Ulaya, limekuwa la kawaida kwa wasomi waliokuja baadaye. Mwaka 1919, tena kutoka kinywani mwa afisa mwenye nishani ya vita vya koloni, liliwachoma watu. Kwa wazalendo wa Kijerumani alikuwa msaliti wa tabaka lake, wa jeshi lake na wa baba yake.

Machi 1920 wanajeshi wa mrengo wa kulia walijaribu kuipindua serikali mjini Berlin wakashindwa, lakini vikosi vingi vilibaki na silaha na kinyongo. Mei 21, 1920, kikosi cha wanajeshi kilifika Waldfrieden kwa madai kwamba Paasche ameficha silaha za waasi wa kikomunisti. Alikuwa ziwani na watoto wake. Alipanda kutoka majini akiwa na nguo ya kuogelea tu, wakampiga risasi, akafa. Alikuwa na umri wa miaka 39. Walipekua nyumba, hawakuona silaha. Uchunguzi ulifungwa kwa maelezo kwamba kifo kilitokana na mkusanyiko wa mambo yasiyotarajiwa, na hakuna aliyehukumiwa.

Kisa hiki hakikuwa cha pekee. Emil Julius Gumbel, mtaalamu wa hisabati na mpenda amani, alihesabu mauaji ya kisiasa ya Ujerumani baada ya vita. Mwaka 1922 alionyesha kwamba watu wa mrengo wa kulia walikuwa wameua watu 354, na katika visa 326 hapakuwa na adhabu yoyote. Upande wa kushoto alihesabu mauaji 22, na mahakama ziliyashughulikia kwa ukali. Wanamapinduzi wa mrengo wa kushoto Rosa Luxemburg, Karl Liebknecht, Kurt Eisner na Gustav Landauer walikuwa wameshauawa mwaka mmoja kabla ya Paasche. Mwandishi Kurt Tucholsky alimwandikia Paasche shairi la maombolezo, akilalamika kwamba kuua watu wa namna hii kumekuwa desturi.

Barua za Lukanga zilikusanywa kuwa kitabu mwaka 1921, mwandishi akiwa kaburini, na vijana wakazisoma sana. Zilirudi tena miaka ya 1970 na 1980, wapinga silaha za nyuklia na watetezi wa mazingira walipozigundua upya. Tangu hapo Paasche anaheshimiwa Ujerumani kama mtu aliyeona mbele.

Swali ambalo sisi tuna haki ya kulileta mezani ni la Lukanga mwenyewe. Mwafrika huyu mwerevu, mwenye adabu, anayewaumbua Wazungu kwa maswali ya kawaida, anasema yale tu ambayo Paasche alitaka Wajerumani wasikie. Hanywi, havuti, anapenda usafi na mazoezi: ni mwanaharakati wa Hamburg katika ngozi nyeusi. Haulizi kuhusu pamba ya Umatumbi. Hataji Mohoro. Watu halisi wa Rufiji, ambao Paasche aliwafahamu kwa sura na aliozungumza nao kwa Kiswahili, hawamo katika barua zile. Nakipenda kitabu hiki, na pengo hilo linaniuma kila nikikifungua.

Ndiyo maana simshauri mtu asome barua za Lukanga peke yake. Aanze na kitabu cha 1907, amwone afisa alivyojiona. Kisha barua, zenye ucheshi na akili kali. Kisha maandishi ya 1919, ambamo mwandishi anavua vazi la Lukanga na kusema kwa jina lake mwenyewe alichofanya na alichokiona. Na kando ya hayo aweke kumbukumbu za wazee wa Umatumbi na Ungindo alizozikusanya Gilbert Gwassa pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1960, maana humo waliokuwa upande wa pili wa bunduki ya Paasche wanasema wenyewe.